Dawa ya Deni la Usingizi ni Kulipa

Jua likitua Igombe, Kayenze na visiwani Ukerewe, watu wengi hufunga milango wakalala. Wavuvi wa dagaa ndio kwanza wanasukuma mitumbwi majini. Huwasha taa, zamani karabai, siku hizi zaidi taa za betri. Dagaa hufuata mwanga, na alfajiri mzigo hufika mwaloni. Huko akina mama wamekwisha amka, wangojea kununua na kuanika. Basi, kitoweo cha nyumba nyingi za Mwanza hupatikana kwa kukesha. Je, mwili wa mwenye kukesha walipwa nini?

Ndugu msomaji, usingizi si uvivu, wala si wakati uliopotea. Tulalapo, mapigo ya moyo hupungua na shinikizo la damu hushuka. Ubongo huhifadhi yale tuliyojifunza mchana. Kwa watoto, homoni ya kukua hutoka kwa wingi katika usingizi mzito. Mtu mzima ahitaji saa 7 au zaidi kila siku. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 ahitaji saa 9 hadi 12. Anayelala kidogo mno kwa miaka mingi yu karibu zaidi na ugonjwa wa shinikizo la damu, kisukari na unene. Tena hasira humjia upesi, na nyumba nzima huona taabu.

Saa iliyo ndani ya mwili

Mwili una saa yake. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyofanya kazi. Nayo hufuata mwanga: giza huita usingizi, jua huufukuza. Ndiyo sababu mvuvi alalapo saa 2 asubuhi, usingizi humkatika kabla hajashiba. Mwaka 2007 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka kazi ya zamu za usiku miongoni mwa mambo ambayo yaelekea huleta saratani, na mwaka 2019 likakariri neno hilo.

Lakini hatari iliyo karibu zaidi ni ya majini. Uchunguzi wa Australia uliotangazwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama aliyekunywa kiasi cha pombe ambacho nchi nyingi humkataza dereva. Mtu wa namna hiyo ndiye ashikaye mashine ya mtumbwi upepo unapogeuka!

Tufanyeje?

Hatuwezi kumwambia mvuvi aache kazi, maana watoto watakula nini? Lakini yako mambo yasiyohitaji fedha nyingi.

Kwanza, mvuvi alale kidogo alasiri kabla ya kwenda majini. Pili, aache chai na kahawa usiku unapokaribia kwisha, maana nguvu yake hukaa mwilini kwa saa nyingi. Tatu, akifika nyumbani asikae juani wala kijiweni. Aoge, ale kidogo, alale. Dirisha lifunikwe kwa kitambaa kizito, redio izimwe, na watoto wakacheze mbali. Mama aliyeamka usiku kwenda mwaloni naye apewe saa yake ya kupumzika, kwani mwili wake ni mwili pia.

Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa hazivuti dagaa vizuri, na wengi hupumzika. Siku hizo zisiliwe na pombe. Pombe humlaza mtu upesi, kisha humkatiza usingizi usiku wa manane. Dawa ya deni ni kulipa, na deni la usingizi hulipwa kwa kulala.

Kwa wenye kulala usiku, tutazame Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi. Watafiti waliotangaza habari zao mwaka 2015 waliona kwamba hawalali jua linapotua, bali saa kadhaa baadaye, usiku unapopoa. Wala hawalali saa nyingi kutupita. Lakini huamka karibu wakati ule ule kila siku, na ni wachache wanaolalamika kukosa usingizi. Basi tulale na kuamka kwa saa zetu, na simu ibaki nje ya kitanda.

Chandarua kisisahauliwe. Wilayani Misungwi watafiti waligawa aina 4 za vyandarua mwaka 2019. Matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba aina moja yenye dawa mbili iliwakinga watoto na malaria vizuri kuliko vile vya kawaida. Mtoto asiyeumwa na mbu hulala, na mama yake hulala. Lakini jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kamwe, maana hewa yake huua watu wakiwa wamelala.

Mwenye kukoroma na kukatika pumzi, au asiyepata usingizi kwa majuma mengi, aende zahanati. Asinunue vidonge vya usingizi mwenyewe dukani.

Leo jioni, wazazi, ulizaneni: katika nyumba yetu nani analala kidogo kuliko wote? Kisha mpeni nafasi alale.