Lazima Magoti Yaume?

Wako watu waliojaribu kuketi kimya na kutafakari, wakaacha baada ya siku tatu kwa sababu ya magoti. Leo nataka kuzungumza nao.

Walimu wa jambo hili hawaafikiani kuhusu maumivu. Maharishi Mahesh Yogi wa India alifundisha watu kuketi kitini kwa starehe, dakika 20 asubuhi na 20 jioni, bila kujikaza hata kidogo. S. N. Goenka, aliyeanza kufundisha India mwaka 1969, alitaka mwanafunzi, kuanzia siku ya 4 ya kozi yake ya siku 10, akae saa nzima bila kubadili mkao. Kwake maumivu yenyewe ndiyo somo: yatazame yanavyokuja na kuondoka, usiyachukie. Zen ya Japani nayo hudai mgongo wima na macho nusu wazi, na anayesinzia huweza kupigwa begani kwa fimbo bapa. (Wenyewe husema ni ya kuamsha, si ya kuadhibu.)

Kwa maoni yangu, tatizo ni kuazima mkao wa mmoja kwa kazi ya mwingine. Atafutaye utulivu tu hana haja ya kupandanisha miguu. Na anayeipandanisha ajue kwamba mzunguko hutoka nyongani. Nyonga ikiwa ngumu, goti ndilo hulipa. Ganzi hupita ukinyoosha mguu. Lakini goti likichoma kwa ndani, usibishane nalo: chukua kiti, kaa ukingoni, mgongo wima, nyayo zote mbili chini.