Je, Wajua? Gesi Inayoikalia Platinamu

Je, wajua kwamba gesi inayoua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa ndiyo inayozima magari ya haidrojeni? Ni kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Katika damu hung'ang'ania himoglobini kwa nguvu inayoizidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, mtu akakosa pumzi huku mapafu yamejaa hewa. (Jiko la mkaa lilale nje, hata usiku wa baridi. Hilo halina mjadala.) Katika seli ya haidrojeni, inayolipa gari umeme, gesi hiyo hung'ang'ania platinamu, na gari likakosa nguvu huku tangi limejaa.

Je, wajua platinamu inafanya nini humo? Seli ina utando mwembamba wa plastiki maalumu. Upande mmoja inaingia haidrojeni, upande wa pili oksijeni ya hewani. Chembe za platinamu, zenye upana wa nanomita chache tu, ndizo zinazoipasua haidrojeni: protoni zinapenya utando, elektroni zinazungukia kwenye waya, na huo mzunguko ndio umeme. Kinachotoka ni maji. Haidrojeni ikipata nafasi juu ya platinamu hupasuka mara moja. Shida ni kuipata hiyo nafasi, kwa sababu kaboni monoksaidi ni kama abiria wa daladala aliyekalia kiti, gari likafika mwisho, naye hataki kushuka.

Je, wajua ni kiasi gani kinatosha kuleta madhara? Seli nyingi za magari hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 80 hivi. Kwenye joto hilo, sehemu 10 za kaboni monoksaidi katika milioni zinatosha kushusha umeme, na zikifika 100 seli yenye platinamu tupu hulegea vibaya. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha haidrojeni ya magari, ISO 14687, hakiruhusu zaidi ya sehemu 0.2 katika milioni. Piga hesabu: ni molekuli 1 kati ya milioni 5.

Je, wajua jambo hili lilijulikana zamani? Mwaka 1922 Irving Langmuir, mwanakemia wa kampuni ya General Electric huko Marekani, alieleza jinsi kaboni monoksaidi inavyoufunika uso wa platinamu na kuzuia gesi nyingine zisifike. Mwaka 1932 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kemia ya nyuso. Miaka ya 1950, katika kampuni hiyohiyo, Thomas Grubb na Leonard Niedrach waliunda seli ya kwanza ya utando. Seli za namna hiyo zilipanda angani na chombo cha Gemini 5 Agosti 1965. Huko kaboni monoksaidi haikusumbua, kwa kuwa wanaanga walibeba haidrojeni safi.

Huku chini haidrojeni nyingi hutengenezwa kwa gesi asilia, na humo ndimo sumu inamozaliwa. Methani hukutanishwa na mvuke kwenye joto la nyuzi 800 hivi. Hutoka haidrojeni, na kaboni monoksaidi inayoweza kufika asilimia 10. Mchanganyiko huo hupitishwa tena kwenye mvuke ili kaboni monoksaidi igeuke kaboni dayoksaidi, na kila molekuli inayogeuka huzaa haidrojeni nyingine. Hubaki kama asilimia 1. Kwa seli, asilimia 1 ni sehemu 10,000 katika milioni! Kazi ngumu ni kuondoa hiyo iliyobaki.

Je, wajua inaondolewaje? Viwandani, gesi husukumwa kwa shinikizo ndani ya minara yenye chembe zinazonasa uchafu na kuiacha haidrojeni ipite. Kwenye mitambo midogo hutiwa oksijeni kidogo juu ya kichocheo kinachochoma kaboni monoksaidi zaidi kuliko haidrojeni. Joto likizidi kichocheo hupoteza uteuzi, kikaanza kuchoma na haidrojeni yenyewe. Mitambo ya umeme ya nyumbani ya Ene-Farm, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2009, inatumia gesi ya kawaida ya jikoni na kujisafishia haidrojeni yake humohumo.

Je, wajua platinamu hupewa msaidizi? Mwaka 1975 Wajapani Masahiro Watanabe na Satoshi Motoo walieleza namna metali ya rutheniamu inavyofanya kazi ikichanganywa na platinamu. Kaboni monoksaidi haitoki juu ya platinamu mpaka ipate oksijeni ya kuungana nayo, na oksijeni hiyo hutoka kwenye maji. Platinamu huyavunja maji kwa shida, huhitaji volteji kubwa. Rutheniamu huyavunja kwa volteji ndogo, kisha huipa oksijeni jirani yake, platinamu. Ila nayo huyeyuka polepole, ikahamia upande wa pili wa utando na kuharibu kazi ya huko.

Mbinu ninayoipenda kuliko zote ni ya mwaka 1988. Shimshon Gottesfeld na Judith Pafford, wa maabara ya Los Alamos, walichanganya oksijeni kidogo sana na haidrojeni inayoingia kwenye seli. Basi! Oksijeni ikaichoma kaboni monoksaidi palepale ilipokaa, na umeme ukarudi. Uzuri wa ugunduzi huo ni kwamba ulihitaji kuelewa kwamba platinamu iliyokaliwa haijafa. Kipimo kikizidi, hata hivyo, haidrojeni inapotea bure na huzuka kemikali zinazokula utando.

Je, wajua kuna gari lililovuka Marekani likijitengenezea haidrojeni? NECAR 5 ya DaimlerChrysler, mwaka 2002, kutoka San Francisco hadi Washington, zaidi ya kilomita 5,000, likitumia methanoli. Kiwanda kizima cha kusafisha gesi kilikuwa chini ya sakafu yake. Mwaka 2004 Wizara ya Nishati ya Marekani iliacha kugharimia mitambo ya namna hiyo ndani ya magari, nami naona ilikuwa sawa: kusafishia kituoni ni rahisi kuliko kusafishia barabarani.

Ukipandisha joto, mambo hubadilika. Seli zenye utando uliolowekwa asidi ya fosforasi hufanya kazi kwenye nyuzi 160 na zaidi, na huvumilia asilimia 1 au zaidi ya kaboni monoksaidi, kwa kuwa joto huibandua. Seli za kauri, zinazofanya kazi kwenye mamia ya nyuzi, huila kabisa kama nishati.

Je, wajua salfa ni mbaya kuliko kaboni monoksaidi? ISO 14687 inairuhusu sehemu 0.004 tu katika milioni, molekuli 1 kati ya milioni 250. Kaboni monoksaidi ukiikatia njia, haidrojeni safi huirudisha platinamu kazini. Salfa ikishaingia, hewa kidogo tu haitoshi kuitoa.