Gazeti la Jana Laweza Kuwa Kofia ya Mtoto

Gazeti likishasomwa halikosi kazi nyumbani. Hufungia vitumbua, hutandikwa ndani ya kabati, huwashia jiko la mkaa. Leo tunakuomba uziokoe kurasa chache kabla hazijafika jikoni. Nchini Japani karatasi kama hizo hukunjwa kofia za watoto katika sikukuu yao ya tarehe 5 Mei, na mtoto wa Buguruni au wa Kisauni aweza kukunja yake kwa muda usiozidi ule wa kuivisha chai.

Wajapani huiita sikukuu hiyo Kodomo no Hi, yaani Siku ya Watoto. Huja mwishoni mwa mlolongo wa mapumziko unaoanza tarehe 29 Aprili, katika majira ya machipuko, baridi ikiwa imekwisha na wafanyakazi wengi wakiwa wamepata nafasi ya kukaa na jamaa zao. Zamani siku ya tano ya mwezi wa tano ilikuwa ya wavulana peke yao. Mwaka 1948 sheria ya sikukuu za taifa iliifanya kuwa ya watoto wote, ikataja shabaha yake: kuuheshimu utu wa mtoto, kumtakia furaha, na pamoja na hayo kumshukuru mama. Hilo la mwisho aghalabu husahauliwa. Wasichana walikuwa na wanasesere wao tarehe 3 Machi, na wanao hata leo, ila siku hiyo si ya mapumziko. Kwa hiyo, mzazi mwenye binti na mwana, wape wote wawili karatasi. Isiwe kaka anavaa kofia huku dada akiambiwa aokote vipande vilivyokatwa.

Tuanze na kofia, ambayo Wajapani huiita kabuto kwa kuifananisha na kofia ya chuma ya askari wa kale. Haihitaji gundi, na mkasi ni wa kupata mraba tu. Kunja pembe moja ya karatasi mpaka ukingo mfupi ulale juu ya ukingo mrefu, kisha ukate kipande kinachozidi. Kipimo kina maana yake: mraba wenye upande wa sentimita 40 hutoa kofia yenye mzunguko wa sentimita 56 hivi, ambayo humtosha mtoto wa shule kwa raha. Ukiupunguza mpaka sentimita 30, utapata kofia ya mwanasesere.

Sasa kunja mraba huo mshazari uwe pembetatu, mkunjo ukiwa juu na ncha ikielekea chini kwako. Shusha pembe ya kulia na ya kushoto zikutane kwenye ncha hiyo ya chini. Utarudia kuona mraba mdogo uliosimama kwa pembe yake. Vile vipande viwili ulivyovishusha, vipandishe tena, ncha zake zifike juu kabisa. Kisha vilaze kwa nje, kimoja kulia na kimoja kushoto, ncha zichomoze kando: hizo ndizo pembe za kofia. Chini zimebaki karatasi mbili. Ya mbele ipandishe isifike juu kabisa, halafu uikunje mara nyingine kutoka kwenye kiuno cha kofia, iwe kama utepe wa paji la uso. Ya nyuma isukume ndani. Fungua kwa chini, mvike.

Jambo gumu katika kazi hii ni mikono ya mzazi. Baba au mama aliyepata Jumapili moja baada ya juma zima la zamu hutaka mambo yaende upesi. Mtoto akikosea pembe, karatasi hunyang'anywa, hukunjwa sawasawa, hurudishwa ikiwa imekwisha. Hapo mtoto amepata kofia na amekosa siku yake. Chukua karatasi yako, kaa kando yake, mkunje pamoja hatua kwa hatua, na kofia yake ikitoka kombo mwache aivae hivyo hivyo mpaka kwa jirani. Kitu cha plastiki cha dukani humaliza fedha ya mboga na huenda kikavunjika kabla ya Jumatatu. Karatasi ikichanika kuna nyingine, na mtoto sasa anaujua mwenyewe mkunjo wa kwanza.

Pambo la pili ni samaki wa upepo, koinobori. Wiki chache kabla ya sikukuu, bendera za umbo la samaki hutundikwa juu ya milingoti mirefu nje ya nyumba. Siku hizi nyingi ni za kitambaa. Samaki mwenyewe, koi, ni wa maji baridi, wa jamii moja na ningu wa Ziwa Viktoria. Hadithi ya kale kutoka China husema kwamba koi aliyeweza kupanda maporomoko ya Mto Manjano mpaka Mlango wa Joka aligeuka joka, na ndiyo sababu wazazi wakamchagua kuwa mfano kwa watoto wao. Kwa desturi ya sasa, koi mweusi aliye mkubwa kuliko wote ni baba, mwekundu ni mama, na wadogo wanaofuata ni watoto. Nyumba ya watoto watano, basi, ina kazi ya kutwa nzima.

Tafuta karatasi ya kaki ya kufungia vitu, urefu sentimita 60 na upana 40. Gundi pika mwenyewe: koroga vijiko viwili vikubwa vya unga wa ngano katika kikombe cha maji baridi, bandika motoni huku ukikoroga mpaka izito kama uji, iache ipoe. Tumia siku hiyo hiyo, kwani huchacha.

Kwenye ukingo mmoja wa sentimita 40 laza ukanda mwembamba wa boksi, ukunjie karatasi juu yake na kubandika. Huo ni mdomo, na bila ugumu huo utalegea na upepo hautaingia. Kunja karatasi katikati kwa urefu upate mstari wa mgongo, uikunjue, kisha mtoto achore jicho kila upande wa mstari na magamba kufuata nyuma. Mkaa hutoa weusi mzuri, ingawa hupaka na nguo pia. Manjano ya mapishi hutosha kwa mapezi. Sasa kutanisha kingo ndefu, bandika, mshono ukae tumboni. Kata mkia kwa umbo la panda, lakini usiubandike: upepo uingiao mdomoni sharti upate pa kutokea, ama sivyo samaki hujaa na kupasuka. Toboa matundu mawili ya kukabiliana mdomoni, pitisha uzi, funga kwenye fimbo.

Mtoto wa miaka tisa au kumi ataona kofia ni rahisi mno na atataka korongo. Kunja naye, ila ujue kuwa ndege huyo ana habari yake. Sadako Sasaki alikuwa na miaka miwili bomu la atomiki lilipoangushwa juu ya Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Alipougua saratani ya damu, hospitalini alikunja makorongo, hata kwa karatasi zilizofungiwa dawa, kwa imani ya Wajapani kwamba akunjaye elfu moja hupata ombi lake. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1955, akiwa na miaka 12. Wanafunzi wenzake walianzisha mchango, watoto wa shule nyingi wakatoa, na mnara wa kuwakumbuka watoto waliouawa na bomu hilo ukazinduliwa Hiroshima tarehe 5 Mei 1958, Siku ya Watoto. Mtoto akiuliza, mwambie kweli, kwa maneno anayoyaweza.

Samaki wa karatasi ateremshwe kila jioni. Mwezi Mei mvua za masika bado zipo, na tone moja kubwa linatosha kulegeza gundi ya unga.