Msafiri na Mfuko Wake Katika Maduka ya Ujerumani

Msafiri atokaye pwani yetu, ambako bei aghalabu huwa mazungumzo kabla ya kuwa hesabu, aingiapo katika duka la Ujerumani hukuta muamala wa namna nyingine kabisa: kila bidhaa imebandikwa bei yake, kodi ya mauzo ikiwa imekwisha kutiwa ndani, nayo ni asilimia 19 kwa bidhaa nyingi na asilimia 7 kwa vyakula vilivyo vingi, na wala hakuna wa kuombwa apunguze. Hii si dalili ya ugumu wa mkono, kwa maana karani aliyeajiriwa hana idhini ya kugeuza lililoandikwa. Apendaye kupatana bei na aende kwenye masoko ya vitu vikuukuu, kama lile la Mauerpark mjini Berlin siku ya Jumapili, ambako maneno matamu bado yana thamani yake.

Lakini jambo ambalo ningependa msafiri alizingatie kuliko yote ni kwamba nchi hii, pamoja na umahiri wake wote wa mitambo, bado yaienzi fedha taslimu. Katika duka la mikate, katika mkahawa wa mtaani na katika genge la sokoni, si ajabu kuambiwa kwamba kadi haipokelewi, au kwamba ipokelewayo ni ile ya benki za kwao tu. Wako wanaolihusisha jambo hilo na msiba wa 1923, marki ilipoporomoka hata dola moja ya Marekani, mwezi wa Novemba, ikawa sawa na marki trilioni 4.2. Mimi naona sababu iliyo karibu zaidi ni kwamba Mjerumani hupenda kukiona kwa macho yake kilichotoka mfukoni, wala hapendi mtu baki ajue alichonunua. Na taadhima yao kwa fedha si ya maneno matupu: ingawa noti na sarafu za yuro zilianza kutumika tarehe 1 Januari 2002, Benki Kuu yao hata leo humpokelea marki zake yeyote aziletaye, pasipo muda wa mwisho, kwa kima kile kile cha marki 1.95583 kwa yuro moja.

Basi, yuro hizo zipatikane wapi? Shilingi zetu zisitegemewe, kwani ni shida kumpata huko wa kuzibadilisha, na vibanda vya kubadilishia fedha vya viwanja vya ndege hutoza ghali. Lililo jema ni kuondoka nyumbani na yuro kidogo za siku za mwanzo, kisha kutoa nyingine kwa kadi katika mashine iliyo ukutani mwa benki hasa. Mashine ikiuliza kama hesabu ifanywe kwa sarafu ya kwenu ama kwa yuro, sharti uchague yuro. Ukichagua sarafu ya kwenu, kima cha kubadilishia hupangwa na mwenye mashine, naye hujiongezea faida yake humo humo, na wewe huoni ila tarakimu unazozifahamu. Hadhari hiyo hiyo itakufaa dukani kila utoapo kadi. Ama achukuaye yuro 10,000 au zaidi, zikiwa taslimu, kuingia au kutoka katika Umoja wa Ulaya, ni wajibu wake kuzitangaza forodhani.

Jumapili maduka hufungwa. Mapumziko ya siku hiyo yalilindwa na katiba ya 1919, na kifungu chenyewe kikachukuliwa na katiba ya 1949, hata majimbo yalipopewa mamlaka juu ya saa za biashara mwaka 2006, Jumapili haikuguswa ila kwa siku chache maalumu. Mgeni asiyejua hilo hulala na njaa, isipokuwa akimbilie mkahawani, ama kwenye maduka ya stesheni kubwa za reli, ambayo yana ruhusa yao.

Ukinunua maji au soda katika chupa ya plastiki ya kutumika mara moja, utatozwa senti 25 juu ya bei. Hiyo ni amana: chupa irudishe dukani, uitie katika mashine, upokee karatasi ya kumpa karani. Wapo wazee na mafukara wanaopita mitaani wakizikusanya chupa hizo wapate riziki, na wenyeji wenye huruma huziweka kando ya pipa la taka, si ndani yake, ili mwenzao asilazimike kupekua uchafu. Msafiri asiye na wasaa wa kurudi dukani na afanye vivyo hivyo.

Mkahawani, bahashishi ya kiasi cha asilimia 5 hadi 10 yatosha, nayo hutamkwa papo hapo wakati wa kulipa.

Mwisho ni haki ambayo wengi wetu huiacha ipotee. Akaaye nje ya Umoja wa Ulaya, akinunua katika duka moja vitu vya zaidi ya yuro 50 na kuvichukua katika mizigo yake, aweza kurudishiwa kodi ya mauzo, lakini duka halilazimiki kukubali, kwa hiyo na aulize kabla ya kulipa, akiwa na pasi yake. Uwanjani, vitu vyenyewe, stakabadhi na fomu huonyeshwa kwa afisa wa forodha, fomu ipigwe muhuri, kabla sanduku halijakabidhiwa kwa shirika la ndege, maana afisa ana haki ya kutaka kuviona, na sanduku likishakwenda hakuna cha kumwonyesha.