Kolwezi: Neno moja la Kiingereza lenye kugusa usalama na mushahara

«Kesho kuna shut down.» Mufanyakazi wa Manika mwenye kusikia hivyo ku mugodi anaweza kujikuta na kazi mingi zaidi, ao bila kazi. Yote inategemea maana.

Wakati wa Union Minière na kisha Gécamines, luga ya ofisi ilikuwa Kifaransa. Leo makampuni ya inchi za inje yameleta pia Kiingereza na Kichina ku migodi ya Lualaba.

Maana ya kwanza ni ya mashini: kuzimisha. Lakini pompi yenye kuzimishwa haiko salama bado. Mbele ya kuingiza mukono, fundi anakata umeme, anatia kufuli lake, na anahakikisha kwamba haiwezi kuwaka tena.

Ya pili ni ya kiwanda: kusimamisha kazi kwa siku zenye kupangwa, ili kutengeneza. Kwa mafundi, hizo si siku za kupumuzika. Ndizo siku za kazi nguvu.

Ya tatu ndiyo yenye kuogopesha: kufunga. Mu mwezi wa 8, 2019, Glencore ilitangaza kwamba itasimamisha Mutanda, mugodi wenye ulikuwa unatoa karibu sehemu moja juu ya tano ya kobalti ya dunia. Bei ya kobalti ilikuwa imeanguka sana. Kazi ilisimama mbele ya mwisho wa mwaka huo, na ikaanza tena polepole mu 2021. Kwa hiyo hata kufunga si kila mara kwa milele.

Ya ine, Wakongomani wote wanaijua. Tarehe 31 mwezi wa 12, 2018, kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa inchi nzima kwa karibu juma tatu. Kiingereza kinaita hiyo pia shut down.

Kiswahili nacho kina mambo hayo. Tunafunga mulango, tunafunga muzigo, mutu anafungwa ku boloko, mwengine anafunga kula. Neno lenye kufuata ndilo linaonyesha njia. Ku mugodi, tangazo fupi la Kiingereza linaacha mara nyingi neno hilo.

Basi mbele ya kurudia nyumbani, mufanyakazi anaweza kuuliza mukubwa wake maulizo matatu: Ni nini inasimama? Mpaka siku gani? Na mushahara unaendelea?