Vugizo: Kilima Kinachofunza Zamu

Alfajiri tuliondoka Nyamugari, upande wa Gitega, tukapita Muramvya na baridi ya Bugarama, ambako wauza mboga huwakimbilia wasafiri na karoti na kabichi, kisha tukateremka kona baada ya kona hadi Bujumbura. Safari yetu ilikuwa ya kukipanda kilima cha Vugizo, juu ya mtaa wa Kiriri. Huko ndiko alikolazwa Mwanamfalme Louis Rwagasore, shujaa wa uhuru wa Burundi.

Mwongozaji wetu, mzee wa maneno machache, alitutangulia. “Msiharakishe, wanangu,” alisema. “Hapa hupandwa kwa pumzi na kwa heshima.”

Tulipanda tukihema. Kila tulipogeuka, mji ulizidi kufunguka chini yetu: mapaa ya Buyenzi na Bwiza, bandari, kisha Ziwa Tanganyika, na ng’ambo yake milima ya Kongo.

Mbele ya kaburi mzee alivua kofia, nasi tukavua zetu. Akatukumbusha kwamba Rwagasore alizaliwa Gitega mwaka 1932, mwana wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Angeweza kuishi kwa raha za ikulu. Badala yake alianzisha ushirika wa wafanyabiashara, akaketi na Waswahili wa Buyenzi, akahubiri umoja. Katika uchaguzi wa Septemba 18, 1961, chama chake cha UPRONA kilipata viti 58 kati ya 64. Hata hivyo, alikuwa Waziri Mkuu kwa kiasi cha wiki mbili tu. Usiku wa Oktoba 13 alipigwa risasi akiwa katika mkahawa kando ya ziwa. Muuaji, Jean Kageorgis, alikuwa amejificha gizani. Uhuru ulipowadia Julai 1, 1962, aliyeupigania hakuwapo. Katika pengo aliloliacha yakaingia mafarakano yaliyowagharimu Warundi maisha mengi.

Mzee alinyosha fimbo yake kuelekea ufukweni.

“Ilikuwa kule, karibu na maji. Mezani palikuwa na mwanga, vichakani palikuwa na giza. Ni nani aliyekuwa akiviangalia vichaka?”

Hatukuwa na jibu. Ndugu askari, swali hilo tunawaletea ninyi mnaokesha. Wageni wakila, wote huitazama meza. Mlinzi peke yake ndiye apaswaye kuipa mgongo. Zamu iliyo njema haina sifa wala shangwe, kwa kuwa hakuna lililotokea. Lakini zamu moja iliyopuuzwa yaweza kulitia taifa zima msiba wa miaka mingi.

Kila Oktoba 13 viongozi hupanda Vugizo kuweka mashada ya maua. Sisi hatukuwa na maua. Tuliinamisha vichwa, tukashukuru, tukateremka.

Chini ya kilima tulimkuta askari kijana akiwa zamuni. Jua lilikuwa likizama ziwani, na wapita njia walikuwa wamesimama kulitazama. Yeye alikuwa amelipa mgongo, macho yake yakiwa vichakani.