Macho ya Mwanafunzi wa Iga Barrière

Mtoto mwenye macho dhaifu tangu utotoni hajui kuwa ni dhaifu, kwani hakupata kuiona dunia kwa macho mengine akalinganisha. Na kwa kuwa hajui, hasemi, na kwa kuwa hasemi, mwalimu humdhania mvivu, wazazi humwita mzito wa akili, naye mwenyewe mwishowe husadiki. Dhuluma hii hutendeka madarasani kila siku, bila ya mtu yeyote kukusudia ubaya.

Iga Barrière ni kituo cha biashara katika eneo la Djugu, kaskazini ya mji wa Bunia nchini Kongo, eneo ambalo watu wake wengi wamehamishwa makwao na vita tangu Desemba 2017. Fauka ya msiba huo, serikali ya Kongo ilipoifanya elimu ya msingi kuwa bila malipo mwaka 2019, madarasa mengi yalifurika, na asiyeona mbali akiketi nyuma huuona ubao kama ukungu. Jichoni mwake nuru hukutana kabla haijafika kwenye utando wa nyuma. Miwani huifikisha mahali pake, wala hakuna mitishamba iwezayo kazi hiyo. Wako wasemao kuwa miwani huyaharibu macho ya mtoto: hasha, si kweli.

Makengeza nayo wengi huyachukua kuwa majaaliwa tu, hali ubongo hulizoea jicho lililonyooka na kulipuuza lililopinda, hata likiachwa mpaka mtoto apite miaka 7 au 8, aghalabu nguvu yake hairudi kamili. Surua, ambayo mwaka 2019 ilifisha watu wapatao 6,000 nchini Kongo, huweza kukiharibu kioo cha mbele cha jicho, hasa kwa mtoto aliyepungukiwa na vitamini A, upungufu ambao dalili yake ya awali ni kupapasa njia jua likishatua.

Walakini kupima hakungoji tabibu. Kwa kanuni aliyoiweka Mholanzi Herman Snellen mwaka 1862, mwalimu na achore kwa wino mweusi herufi E yenye kimo cha milimita 17 na nusu, kila mstari na kila nafasi ikiwa sehemu ya tano ya kimo hicho, kisha apime mita 6 kwa kamba, mahali penye mwanga mwema. Mtoto afunike jicho moja, aoneshe kwa mkono herufi imeelekea wapi, nayo igeuzwe mara 5; kisha jicho la pili. Atakayekosa zaidi ya mara moja, hata kwa jicho moja tu, apelekwe kwa tabibu wa macho.

Enyi walimu, kamba na karatasi hazikosekani. Nawasihi, kabla hamjaandika katika buletini ya mtoto kuwa hafahamu, mpimeni macho.